Tulichokikuta na Tulichokichagua

Ndugu wasomaji, safari hii tunataka kuzungumza jambo dogo, ambalo pengine wengi wenu hamjawahi kulitilia maanani. Nalo ni kivinjari, yaani ile programu ya simu au kompyuta inayotufungulia kurasa za mtandao. Wako wanaoiita kisakuzi. Sisi tutashika hili jina la kivinjari, kwani kuvinjari ni kuzunguka huku na huku, ama kwa kulinda ama kwa kupeleleza, na maana zote mbili zitatufaa huko mbele.

Suala letu ni hili. Mtu anayetumia kitu kwa sababu tu alikikuta, je, anaweza kusema kuwa amekichagua? Na yule anayemwondoshea mwenzake kile alichokikuta, akampa anachokiona yeye kuwa ni bora, je, huwa amemfungua au amemfunga kamba nyengine?

Suala hili hatukulitoa vitabuni. Lilitukuta Al Qabil.

Al Qabil, kwa asiyepajua, ni wilaya ya Sharqiya ya Kaskazini huko Oman, katika njia itokayo Muscat kwenda Sur, ukishaipita Ibra na kabla hujafika Bidiya. Ni nchi ya Maharthi, na jina la Alharthy halina ugeni kwa mtu aliyekulia Unguja. Katika wilaya hiyo kiko kijiji cha Mudhairib, ambacho mpaka leo kina majumba makubwa ya zamani yaliyojengwa na watu waliokuwa na biashara Afrika ya Mashariki. Kwa hivyo usistaajabu ukapita jioni ukasikia, nyuma ya ukuta, watu wanataniana kwa Kiswahili. Mama yetu ni mmoja katika hao. Alizaliwa Unguja, akaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na baada ya 1970, pale Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi, akafika Al Qabil na mume na watoto wadogo. Sisi wanawe sasa tumetawanyika. Wengine tuko Uingereza, mmoja yuko Kanada, na waliobaki wako Muscat. Tunakutana kwake kwa Idi, Mungu akijaalia.

Basi Idi moja ya Mfunguo Tatu, mmoja wetu aliyezoea mambo ya kompyuta kuliko sisi wengine aliichukua simu ya mama aitazame. Akakuta matangazo yamejaa tele. Mama siku moja alitafuta dawa ya magoti, na tangu siku hiyo magoti yakawa yanamfuata kila ukurasa anaoufungua: mafuta ya magoti, viatu vya magoti, madaktari wa magoti wa miji asiyoijua. Ndugu yetu akakasirika kwa niaba yake. Akamwekea kivinjari chengine, kinachozuia wale wapelelezi wa matangazo. Kile kilichokuja na simu akakizima, akafuta na kumbukumbu zake zote ili asibakishe uchafu. Sote tulimpongeza. Tuliona kuwa tumemtendea mama wema, tena wema wa kisasa.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mama akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani kaigusa simu yangu?"

"Mimi, mama. Nimekuwekea kitu kizuri zaidi. Hakikufuatifuati."

"Na picha yangu iko wapi?"

Hatukujua ni picha gani. Kumbe kulikuwa na ukurasa ambao mama aliuacha wazi kwa muda mrefu, haufungi, na kila usiku huenda akautazama. Ulikuwa na picha ya zamani ya mtaa wa Malindi, Unguja, na katika picha hiyo, upande wa kushoto, ilionekana baraza ya nyumba aliyokuwa akicheza utotoni pamoja na dada yake, ambaye sasa ni marehemu. Jamaa mmoja alimfungulia zamani, naye akauweka. Kwake yeye kuacha ukurasa wazi ndiko kuuhifadhi. Hakuwa na anwani yake wala hakujua kuwa unahitaji anwani. Tulitafuta usiku ule na usiku wa pili. Tuliona picha nyingi za Malindi, tukamwonyesha moja moja, na kila moja akaitazama kwa adabu, akasema, "Siyo."

Ndugu yetu akaomba radhi. Mama hakugomba. Alisema maneno haya, nasi tunayaandika kama tulivyoyasikia:

"Mie marehemu baba yenu alinambia tunaondoka, nikaondoka. Akanambia tunakwenda Al Qabil, nikaja. Sikulalamika, ndiyo dunia. Lakini hichi kijisimu nilikuwa nnajua pa kubonyeza. Nyinyi wanangu, mmeniuliza?"

Tangu siku hiyo tumekuwa tukilizungumza jambo hili kila tunapopigiana simu, na yafuatayo ndiyo tuliyoyafikia.

La kwanza, tusimwone ndugu yetu kuwa alikasirika bure. Mambo ya kukuta yana historia, na historia hiyo si safi. Kivinjari cha mwanzo kabisa alikitengeneza Tim Berners-Lee mwaka 1990, alipokuwa akifanya kazi CERN, karibu na mji wa Geneva. Mwaka 1994 kilitoka Netscape Navigator, na mwaka uliofuata Microsoft wakatoa Internet Explorer. Tafauti yao kubwa ikawa ni hii: Netscape ilibidi ukitafute mwenyewe, na Internet Explorer kilikuja kuwa ndani ya Windows, unanunua kompyuta unakikuta kishakaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya watu tisa katika kila kumi walikuwa wakitumia hicho. Haiwezekani kuwa watu wote hao walikaa wakavipima viwili hivyo. Walikaribishwa katika nyumba yenye kiti kimoja, wakakaa.

Serikali ya Marekani iliishitaki Microsoft mwezi wa Mei 1998, na katika hoja zake kubwa ilikuwa hiyo ya kukifunga kivinjari pamoja na mashine. Mwaka 2000 jaji wa mwanzo aliamuru kampuni ikatwe vipande viwili. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa iliitengua amri hiyo, lakini ilikubali kuwa kampuni ilitumia nguvu zake isivyo halali. Huko Ulaya nako, kampuni ya Opera ya Norway ilipeleka mashitaka mwezi wa Disemba 2007, na kuanzia Machi 2010 wenye Windows katika nchi za Umoja wa Ulaya wakawa wanaonyeshwa orodha ya vivinjari wachague wakitakacho. Sasa sikilizeni kilichotokea. Baina ya Mei 2011 na Julai 2012 ile orodha haikutokea katika mashine nyingi, na Tume ya Ulaya ikasema kuwa watu milioni 15 hawakuiona. Microsoft ikatozwa faini ya yuro milioni 561 mwezi wa Machi 2013. Zaidi ya mwaka mzima mlango uliotakiwa uwe wazi ulikuwa umefungwa, na watu wengi kiasi hicho waliendelea na shughuli zao kama kawaida. Anayenyimwa chaguo asilolijua hana la kulalamikia.

Thamani ya jambo hili utaipima kwa fedha zinazotolewa. Kesi ya Google huko Washington ilidhihirisha kwamba katika mwaka 2021 peke yake kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola bilioni 26, ili mashine yake ya kutafutia iwe ndiyo inayokutwa katika simu na vivinjari vya wengine. Agosti 2024 jaji Amit Mehta aliamua kuwa Google imeushikilia utawala wa soko kinyume cha sheria. Septemba 2025 alikataa kuilazimisha iuze kivinjari chake cha Chrome, lakini alipiga marufuku mikataba ya kuwafungia wengine nje. Tujiulize, nani anayelipa mabilioni kwa kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukibadilisha kwa kubonyeza mara tatu? Analipa kwa sababu anatujua. Anajua kuwa hatutabonyeza. Kinachonunuliwa pale ni mazoea yetu, na sisi wenye mazoea hatupati hata senti moja.

Mpaka hapo mtu atasema, basi kila cha kukuta ni mtego, na mwenye akili akikimbie. Hapo ndipo tulipotafautiana kidogo sisi kwa sisi, na aliyetusaidia ni Al Qabil yenyewe.

Mashamba ya mitende ya huko, kama yalivyo mashamba mengi ya Oman, yanapata maji kwa falaji, yaani mifereji iliyochimbwa na watu wa kale. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza mifereji mitano ya Oman katika orodha ya urithi wa dunia, na mmoja wao, Al-Jeela, uko upande wa Sur. Mtoto anayezaliwa leo katika kijiji chenye falaji hakuchagua maji yapite wapi. Alikuta yanapita. Hakuchagua kipimo cha zamu, ambacho huitwa athari na ni kiasi cha nusu saa. Alikikuta. Wala hakuna mtu mwenye akili atakayemwambia kuwa uhuru wake ni kuchimba mfereji wake peke yake. Angelikufa kwa kiu, na jirani zake angeliwaharibia. Vivyo hivyo lugha tuliikuta, majina yetu tuliyakuta, na namna ya kumsalimia mkubwa tuliikuta. Mtu ambaye kila kitu atake kukichagua upya kila asubuhi hatafika adhuhuri.

Lakini falaji ina mambo matatu ambayo kile kivinjari cha simu hakikuwa nayo. Jambo la mwanzo, aliyeipanga anajulikana. Yuko wakili wa falaji, ana jina na nyumba yake inajulikana ilipo, ukiwa na lako unamwendea. La pili, faida yake inajulikana: kila mtu anajua nani ana zamu ngapi na kwa nini. La tatu, mwenye zamu anaweza kuiuza, kuikodisha au kubadilishana na mwenzake, na hatadhurika wala hatacheka mtu. Basi hiyo ndiyo mizani tuliyoipata. Kitu cha kukuta ni halali kukiamini iwapo tunamjua aliyetuwekea, tunajua anapata nini, na mlango wa kutokea uko wazi bila ya gharama kubwa. Kikikosa moja katika hayo, kinahitaji kuulizwa. Kikikosa yote matatu, kukaa nacho ni uzito wa mwili tu tunaoupa jina la ridhaa.

Sasa tuvitazame vile tunavyoviita mbadala, kwa mizani hiyo hiyo. Tusiwe kama mtu anayemkagua mwenye duka moja akamwachia wa pili.

Tarehe 9 Novemba 2004 kilitoka Firefox 1.0, kazi ya wakfu wa Mozilla pamoja na watu wengi wa kujitolea. Mwezi uliofuata wapenzi wake walichangishana, wakalipia kurasa mbili za gazeti la New York Times na kuzijaza majina yao kwa maelfu. Hao bila ya shaka walichagua. Na tangu Septemba 2019 kivinjari hicho huzuia chenyewe, bila ya kuombwa, vile vidakuzi vya kumfuatilia mtu kutoka tovuti moja mpaka nyengine. Ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google, kwa kuiweka mashine yao ya kutafutia iwe ndiyo ya kukutwa humo. Mpinzani anakula kwa mkono wa mpinzani wake.

Huko kwetu Afrika ya Mashariki kivinjari mbadala kilichowafikia wengi kilikuwa Opera Mini, kilichotolewa duniani kote mwezi wa Januari 2006. Watu hawakukipenda kwa falsafa, walikipenda kwa mfuko. Kilikuwa kikizipitisha kurasa katika mashine za kampuni, zikapunguzwa uzito, kisha zikaletwa kwenye simu, hata simu ndogo ya bei nafuu ikaweza kusoma gazeti kwa shilingi chache. Ni faida ya kweli. Lakini maana yake ni kuwa ulichokisoma kilipita mikononi mwa mtu wa tatu kabla ya kukufikia. Ulilipa kidogo kwa fedha, ukaongeza kwa uaminifu.

Na jengine. Ukivifungua vivinjari vingi vya leo ukatazama ndani, utakuta injini ni ile ile. Opera iliacha injini yake mwaka 2013, na Edge ya Microsoft nayo tangu Januari 2020 inatembelea injini ya Chromium, ambayo msingi wake ni Google. Ni kama mtu aliyechoshwa na duka la mtaani kwake, akaenda mtaa wa pili, na kumbe maduka yote mawili yanachota mchele katika ghala moja.

Je, tuseme basi hakuna faida ya kujaribu? Hapana. Sisi tunaona faida ipo, ila si ile tuliyoidhania mwanzo. Tulidhani faida ni kuhama kutoka kibaya kwenda kizuri. Faida ya kujaribu ni kwamba kile ulichokizoea unakiona kwa mara ya kwanza. Mtu hajui kuwa nyumba yake ina harufu mpaka alale kwa watu usiku mmoja. Ukitumia kivinjari chengine wiki mbili, utajua kwamba matangazo hayakuwa sehemu ya kurasa, kwamba ule ukurasa wa mwanzo mtu alikuchagulia, na pia utajua yapi ya kile cha zamani yalikuwa mema kweli kweli. Baada ya hapo ukirudi, umerudi kwa hiari yako. Kwa macho ya mpita njia anayerudi na asiyewahi kutoka ni watu wawili wanaobonyeza alama ile ile. Mbele ya nafsi zao ni tafauti: mmoja akiulizwa sababu anayo, na siku sababu ikiondoka, naye ataondoka.

Ndiyo maana tunasema kujaribu ni wajibu mdogo, na kuhama si wajibu. Wajibu huo ni wa kila mtu juu ya nafsi yake. Hapo ndipo tulipokosea kwa mama.

Sisi tulikuwa na hoja zote za haki. Kivinjari cha mwanzo mama hakumjua aliyekiweka wala hakujua anapata nini, na mlango wa kutokea hakuujua. Lakini hebu tukipime kile tulichomwekea sisi. Aliyekiweka alimjua, ni mwanawe. Faida yetu ilikuwa nini? Tuseme kweli: kwa kiasi fulani ilikuwa ni kuridhika kwetu wenyewe, sisi tulio mbali mwaka mzima, tunaokuja siku kumi tukatafuta kitu cha kutengeneza ili tuondoke na roho nyepesi. Na mlango wa kutokea? Tuliuziba. Tulikizima cha zamani, tukafuta na kumbukumbu. Kampuni kubwa kwa mabilioni yake ilimwachia mama picha yake. Sisi kwa mapenzi yetu tuliipoteza.

Tunayasema haya kwa sababu tunajua hatuko peke yetu. Wengi wenu mnaosoma hapa mna mzazi huko nyumbani, iwe Al Qabil au Ibra, Mombasa au Wete, na kila mkienda mnafika na mkoba uliojaa marekebisho: jiko jipya, daktari mpya, kufuli jipya, simu mpya. Hatusemi msipeleke. Tunasema kwamba mtu mzima aliyepangiwa mengi maishani mwake huenda amebakiwa na mambo machache ambayo ni yake, na machache hayo mgeni hayaoni kwa sababu ni madogo. Ukurasa mmoja ulioachwa wazi unaweza kuwa ndio chumba pekee katika nyumba nzima ambacho mama hakupangiwa na mtu.

Adabu ya kumbadilishia mwenzako alichokizoea, kwa hivyo, tumeiweka hivi. Muulize kwanza yeye anakitumiaje, umsikilize mpaka amalize. Kipya kiweke kando ya cha zamani, usikiweke juu yake. Mwonyeshe njia ya kurudi kabla hujamwonyesha njia ya kwendea. Kisha muulize anachotaka yeye, kwani huenda shida yako na shida yake si moja.

Hilo la mwisho tulilijaribu Idi iliyofuata. Tulikaa naye barazani baada ya alasiri, vivinjari vyote viwili vimo katika simu, tukamuuliza, "Mama, wewe kinachokukera humu ni kitu gani?" Tulitazamia atasema matangazo. Akasema:

"Kwa nini kila nikikifungua kinanisemesha Kiarabu, au Kizungu? Hichi hakijui Kiswahili?"

Tukatazamana. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza wala aliyelifikiria. Sisi ni watoto wa skuli za Kiarabu za Oman baada ya 1970, Kiswahili chetu ni cha ndani ya nyumba, na wenyewe tulikuwa tumeshakubali kuwa mashine husema lugha za ofisini. Hatukukumbuka hata kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, tokea mwaka 2004, na kwamba Kiswahili siku hizi kimo katika orodha za lugha za simu nyingi, ila kimo chini sana, mpaka ushuke na kidole.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Kila kivinjari kinapobisha hodi kwenye tovuti, hutanguliza ujumbe mdogo usioonekana, unaosema kuwa huyu aliyenituma anapenda kusoma lugha hizi, kwa mpango huu. Kiarabu alama yake ni ar, Kiingereza en, na Kiswahili sw. Tovuti yenye lugha kadhaa huchagua kwa kutazama ujumbe huo. Basi mamilioni yetu sisi Waswahili, kwa kuacha mpangilio kama tulivyoukuta, kila siku tunabisha hodi huku tukisema sisi ni Waingereza au Waarabu, kisha tunalalamika kwamba mtandao haututambui. Vipi utatutambua ilhali sisi wenyewe hatukujitaja?

Tukaupandisha Kiswahili juu kabisa, Kiarabu cha pili, Kiingereza cha tatu. Tulifanya hivyo katika vivinjari vyote viwili, na safari hii kidole kilichobonyeza kilikuwa chake, sisi tukielekeza tu. Maneno ya Kiswahili yalipotokea aliyasoma kwa sauti moja moja, na mengine akayacheka. "Vidakuzi," akasema, "ndiyo kitu gani hicho?" Tukamweleza. Akasema huo ni udukuzi hasa, na jina limestahiki.

Kisha akatumia kile kipya siku nne. Siku ya tano akarudi kwenye kile kilichokuja na simu. Alisema herufi zake zinamwonea huruma zaidi macho yake. Ndugu yetu alitaka kusema neno juu ya matangazo, tukamkonyeza, akanyamaza. Mama akamwona. Akamwambia, "Nnajua yananifuata, mwanangu. Sasa nnajua. Kile chengine kiwache hapo hapo kilipo, nikitaka ntakwenda."

Picha ya Malindi hatujaipata mpaka leo. Iwapo yuko kati yenu, ndugu wasomaji, mwenye picha za zamani za mtaa ule, zenye baraza upande wa kushoto, tutashukuru kuletewa. Mama anazitazama zote, na hachoki kusema siyo.